Vikombe Ulivyoviosha Bila Kuvinywea

Mama,

Siku hizi vikombe vya Meza ya Bwana ninaviosha mimi. Niliomba kazi hiyo mwenyewe, na unajua ninavyoogopa kuomba kitu mbele ya watu. Kila Jumamosi navipindua juu ya kitambaa vikauke, kama ulivyonifundisha, na nakuona pale kwenye sinki, povu mikononi, ukiimba chini chini.

Nina uchungu, Mama. Afadhali niseme mapema.

Miaka yote uliyoviosha, hukunywea hata kimoja. Hukuwa umefunga ndoa kanisani, kwa hiyo meza haikuwa yako. Jumapili trei ilipofika kwenye benchi letu uliipokea kwa mikono miwili, ukanipa, ukaninong'oneza, "Pitisha pole pole, usimwage. Kuna mtu ana kiu." Nilikuwa mdogo. Sikujua kwamba mtu huyo alikuwa wewe.

Ulimwomba Baba harusi, hata ndogo, hata bila keki. Nilikuwa nasoma upande wa pili wa pazia, nyumbani Kabiria, na pazia halizuii sauti. "Harusi ya nini, Mama Neema, na mtoto tayari ako? Kwani watu wa kwetu hawajui wewe ni bibi yangu?" Kisha, "Wacha tuone mwaka ujao." Alicheka. Nawe ulicheka. Kesho yake ukaenda kuosha vikombe.

Ulipofariki tulikupitisha kanisani kabla ya kukupeleka nyumbani kuzikwa. Mzee wa kanisa alisimama mlangoni. "Poleni sana, lakini mwili wa asiyeshiriki Meza hauingii ndani. Si mimi, ni utaratibu." Tukakuombea nje, mvua ikinyesha, jeneza lako katikati ya magari yaliyoegeshwa. Ndani, sakafu uliyokuwa ukiipiga deki ilikuwa kavu.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Baba alifunga ndoa. Kanisani humo humo. Mkewe anafanya kazi ofisini mjini, na si mtu mbaya. Huniuliza ninasoma kitabu gani na hungoja jibu. Picha walipigia kwenye bustani huko Karen. Keki ilikuwepo. Mchungaji alisema ndugu yetu ameiweka nyumba yake sawa, na watu wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata Baba alinywea kikombe nilichokiosha mimi.

Nimesoma mengi kuhusu haki tangu uondoke. Unanijua, jambo likinishinda nakimbilia vitabu. Vinaeleza vizuri. Lakini havinielezi kwa nini aliyekunyima ndoa anahesabiwa mwenye haki, na wewe uliyeitamani haki hadi mwisho ukaachwa kwenye mvua. Niliwahi kukuuliza kama huchoki. Ulisema, "Aliyeshiba hanusi mvuke wa sufuria, Neema. Mimi bado nanusa." Nilidhani ni mzaha.

Sasa nami nanusa, na inauma. Natamani kuwa safi mbele za Mungu, si mbele ya wazee wa mlangoni. Nalala nikitamani, naamka nikitamani. Halafu namsikia Baba akipiga mluzi bafuni, nami namchukia.

Wiki jana nilibatizwa. Jumapili hii trei itanifikia mimi kwanza, kisha Baba. Watu wote wanatarajia ninywe.

Sitakunywa. Si kwa kuwakomoa, ingawa sitajali wakiona hivyo. Wewe ulizuiwa na watu. Mimi najizuia mwenyewe, kwa sababu nimejitazama ndani na sikupenda nilichokiona.

Lakini nakuahidi. Nitaipokea kwa mikono miwili, nitamgeukia Baba, na sitamwaga hata tone. Nitafanya hivyo kila mara itakapoletwa. Na siku nitakayompa bila kutamani kinywaji kimpalie, siku hiyo nitakunywa, kwa ajili yangu na kwa ajili yako.

Kwaheri, Mama. Nina kiu.

Mwanao,
Neema