Mtoto Aliyepiga Chafya Ndani ya Simu

Kimulot, mvua haijakatika

Mama,

Kabla ya yote, goti limeamkaje? Nauliza goti kwanza kwa sababu nikikuuliza wewe mwenyewe utasema tu uko mzima. Na Adhiambo, miguu yake imepungua kuvimba? Mwambie akalie kiti chenye mgongo, aachane na kile kigoda chako. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma.

Barua hii nitampa Baba Auma, jirani yangu hapa, ambaye anakuja huko kesho kwa matanga ya mjomba wake. Ningepiga simu, lakini simu yako huiweka sauti ya juu, na Adhiambo hukaa hapo karibu akingoja kusikia kama nitamtaja mumewe Oluoch. Kwa hivyo vaa miwani, ingia chumbani, usome peke yako. Na kwa kuwa ulifundisha Kiswahili mpaka ukastaafu, nakuomba leo hiyo kalamu nyekundu uiache mezani.

Kazi inaendelea. Bado niko kule juu kwenye chumba cha kunyaushia majani ya chai, pale yanapotandazwa juu ya wavu mrefu huku mafeni yakivuma chini yake mchana kutwa. Masikio yamezoea, nikitoka nje kimya ndicho kinanisumbua. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Mau asubuhi na siku nyingine unakataa kurudi. Unamsikia mtu akikohoa kabla hujamwona. Tangu mashine za kuchuna zilipoingia kwenye mashamba makubwa, nyumba nyingi za wachunaji zimebaki wazi, milango inajipigapiga. Hata ile aliyokuwa akiishi mwanao Oluoch iko hivyo, nikipita huwa naangalia upande mwingine.

Unakumbuka alivyonicheka siku ile pale Sotik, akipanda lori kwa mara ya kwanza kama utingo. Alisema, "Wewe baki hapo ukinyauka na majani yako, mimi naenda Juba." Kisha ile simu ya kutoka mpakani, kwamba mtandao ukikatika tusishtuke. Basi ukakatika, nasi tumekuwa watiifu, hatujashtuka. Hata hajui kwamba Adhiambo alibaki na mimba. 

Sasa nikueleze kuhusu mchezo, na usikunje uso.

Kirui, kijana anayechochea moto wa boila kiwandani, ndiye aliyeniwekea kwenye simu. Ni mchezo wa boma. Unajenga nyumba, unazungushia ua, unaweka watu, kisha unawaacha waishi. Wanapika, wanalima, wanagombana, wanaoana, wanazaa. Usipowaangalia wanaendelea na maisha yao. Ila jambo moja hawawezi bila wewe: kujipa jina. Kila mtu mpya akitokea, kunafunguka kisanduku kitupu, nacho kinakungoja mpaka uandike.

Mama, ukitaka kumjua mtu, angalia majina anayoandika humo. Kirui amewaita watu wake majina ya wasimamizi wetu wote, halafu anawaoshesha vyombo na kuwafagilisha zizi, anakufa na kicheko. Mama Nyambura wa kantini, yule mama wa Nyeri anayenifichia mandazi, hawezi kuvunja utaratibu wa kwao hata kwenye simu: mvulana wa kwanza ni baba ya baba, wa pili ni baba ya mama, na asipozaliwa mvulana anangoja. Mama Chelang'at, mwenzangu wa kunyausha, yeye hachezi. Hutazama tu juu ya bega langu na kunishauri niwape majina ya ng'ombe wa babake, eti ng'ombe hawakasiriki.

Mimi niliwapa majina yetu. Ni upweke tu, usinicheke. Nilikuweka wewe, nikakupa miwani. Nikamweka Adhiambo. Nikamweka Oluoch, nikampa lile shati la mistari. Saa ya chakula nilikuwa nafungua simu nawaona mko nyumbani, mnakula, na mimi nakula. Siku hizo nilikuwa nikirudi kazini nimechangamka kweli.

Lakini yule Oluoch hakukaa. Nyinyi wengine mlikuwa mnazunguka uani kama kawaida, yeye nikifungua namkuta amesimama nje ya ua, kule miti inapoanzia, ametupa mgongo. Nikimvuta ndani, anakaa kidogo kama mgeni, halafu nikifungua tena yuko kule kule. Kirui alisema ni hitilafu ndogo, simu yangu ni nzee. Nikakubali. Hata hivyo nilianza kumtafuta yeye kwanza kabla ya kuwaangalia nyinyi.

Sasa wiki hii, mvua ilipotuzuia kantini baada ya chakula, Adhiambo wa mchezo akajifungua. Sikuwa nimepanga, wenyewe huzaa wanapotaka. Kisanduku cha jina kikafunguka. Nikawaonyesha wenzangu, maana ilikuwa furaha, na Adhiambo wetu wa kweli yuko karibu kujifungua. Mama Chelang'at akanishika mkono nisiandike.

"Ngoja kwanza," akasema akicheka. "Mtoto haiandikwi tu hivyo. Kwetu inaulizwa."

Akatueleza. Kwao Wakipsigis mtoto akizaliwa, akina mama humzunguka na kumwitia majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto atapigia chafya, huyo ndiye amerudi. Jina hilo ndilo huitwa kurenet. Wenye haraka humsogezea ugoro kidogo puani. Mama Nyambura akasema hii simu haina pua, tukacheka sote. Mimi nikacheka zaidi yao.

Basi tukaanza mzaha. Nikalaza simu mezani katikati ya vikombe, kitoto kimelala kwenye blanketi yake ya samawati. Nikamwita babu. Kimya. Nikamwita nyanya, yule aliyenipenda. Kimya. Nikamwita baba mdogo aliyekufa na mapafu. Kitoto kinapumua tu, kifua kinapanda kinashuka.

"Hao wamekataa," akasema Mama Chelang'at.

"Kwa sababu mnapotea njia," akasema Mama Nyambura. "Huyu ni kijana wa kwanza. Si ni baba ya baba yake tu? Muite babako."

Nikamwita baba. Nilimwita kwa sauti, Mama, na nikajisikia vibaya kidogo kumwitia kantini. Kitoto hakikutingishika.

"Kwani baba ya mtoto mwenyewe anaitwa nani?" Mama Nyambura akaniuliza, tayari anakusanya vikombe.

Nikamjibu tu, kama mtu anavyojibu swali. "Oluoch."

Kitoto kikapiga chafya.

Chafya ndogo, ya mtoto mchanga kabisa, na kichwa kikaruka kidogo. Halafu kikafungua macho. Mvua ilikuwa inapiga mabati lakini wote watatu tuliisikia. Mama Nyambura akasimama na vikombe mkononi. Mama Chelang'at alikuwa bado ana kicheko mdomoni, nikakiona kinaondoka.

"Oluoch ako wapi?" akauliza polepole.

"Juba. Ni ndugu yangu, anaendesha... yuko na lori."

"Mliongea naye lini?"

Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Akaiangalia simu bila kuigusa, akafunga leso yake vizuri. "Ni game tu," akasema. Lakini aliacha chai yake ikiwa nusu, na Mama Chelang'at haachi chai.

Nilibaki pale peke yangu nikiita majina. Niliita ya watu, ya ng'ombe, la chifu, langu mwenyewe. Nilitaka kipigie chochote chafya, hata kikombe, niamini ni bahati tu. Hakikupiga tena. Kilinitazama tu mpaka kengele ya kazi ikalia.

Jioni nikamtafuta Kirui pale kwenye kuni. Nikamuuliza watoto wa ule mchezo hupiga chafya baada ya muda gani.

"Chafya?" akasema. "Auntie, hao watoi hawana chafya. Wanalia, wanacheka, wanalala. Hiyo tu ndio iko."

"Labda wameongeza."

"Mimi nacheza kila siku. Hakuna."

Akaomba aone. Nilipofungua, kisanduku cha jina kikiwa bado kitupu, nikaenda kwanza kwenye ua, kule miti inapoanzia. Oluoch hakuwapo. Tulitafuta nyumba zote, shambani, kisimani, nyuma ya zizi. Wewe ulikuwapo, umekaa na miwani yako. Adhiambo alikuwapo, anabembeleza. Kirui akanionyesha pale juu, mchezo unapoandika idadi ya watu wa boma. Mtoto ameongezeka, lakini idadi haikupanda, ni ile ile ya kabla hajazaliwa. Kirui alirudisha simu akajipangusa mkono kwenye ovaroli, akasema ana moto wa kuangalia.

Nimefikiria kuufuta huo mchezo. Kidole kinafika pale kinakataa. Nikiufuta nitakuwa nimemfuta nani?

Kesho yake Mama Chelang'at alinijia mlangoni na kibuyu cha mursik, maziwa yao yale ya mkaa, akanimiminia na kuhakikisha nimekunywa. Kisha akasema, "Hiyo makosa ni yangu. Sisi tunaita wale wameenda. Yule hajaenda haitwi. Hata kwa mchezo haitwi." Akaniuliza kama nyumbani kuna mimba. Nikamwambia ipo, na ya nani. Akageuka kuangalia ukungu. "Basi ambia mama yako mapema," akasema. "Hiyo jina isitajwe karibu na mtoto."

Mama, najua msimamo wako. Najua uliwaambia akina mama wa kanisa kwamba watoto hulia kwa sababu ya tumbo, si kwa sababu ya majina. Lakini ni wewe uliyenihadithia nilivyolia mimi nilipozaliwa, nikakataa titi, mpaka nyanya akatamka Awuor, jina la dada yake aliyezama, nikanyamaza. Ulihadithia ukicheka, lakini ukaniachia jina. Huku wanangoja chafya, kwetu tunangoja kimya. Sioni tofauti kubwa, mto ni mmoja, vivuko viwili.

Kwa hivyo nakuomba, na sijawahi kukuomba jambo kwa nguvu hivi. Adhiambo akijifungua, mtoto akilia, muiteni babu, muiteni baba, muiteni wote waliolala pale chini ya michungwa. Akiwakataa wote, mwacheni alie. Mpeni jina la mvua au la saa aliyozaliwa. Jina la Oluoch lisitamkwe chumbani humo, hata kwa bahati mbaya, hata mtu akiuliza. Kwa sababu asipoitwa pamoja na wafu, ndugu yangu bado yuko safarini, na mtu wa safari hurudi. Naogopa, Mama. Sina njia nyingine ya kuliandika hilo.

Hapo ndipo nilikuwa nimefika, nikasimama kutafuta bahasha, simu ikalia. Ni ujumbe wa Adhiambo, ameandika mwenyewe. Nanakili alivyoandika, kwa sababu wewe labda ulikuwa nje ukichemsha maji na hakukueleza yote:

"Shemeji tumepata kijana! Mama amechoka lakini anafuraha. Amelia huyu mtoto jamani, amekataa kunyonya, kila mtu amembeba. Alafu tumebaki wawili nikamuonyesha picha ya harusi kwa simu, nikamwambia ona baba yako, anaitwa Oluoch. Akanyamaza hapo hapo. Amenyonya sasa analala. Anampenda baba yake hata hajamuona."

Nimeusoma mpaka Baba Auma amekuja kugonga mlango nikamwambia angoje.  Adhiambo nimemtumia tu ile alama ya moyo, Mungu anisamehe.

Barua hii imechelewa, lakini naituma hivyo hivyo, sijakata neno. Unaweza kuichoma. Adhiambo usimwambie, mwache afurahi mpaka apate nguvu. Lakini mimi na wewe, Mama, tusidanganyane.

Msalimie Adhiambo, na dada yako wa kule mtoni, na katekista wenu mwenye pikipiki mbovu, na yule mama jirani anayekuletea dagaa. Kila mara nilikuwa namaliza kwa kusema Oluoch akipiga simu mwambieni anitafute. Leo sitasema.

Adhiambo akilala mchana, mchukue mtoto umpakate karibu na dirisha, umwangalie vizuri usoni, wewe unayemjua. Kisha umwambie kwa sauti ndogo kwamba Awuor anasema pole na safari.

Binti yako,
Awuor