Jina Nililolitafuta Ukutani Kwenu

Sista wangu Amalia,

Nimefika kwenu. Mwezi wa tano parokia ilituma watu watano kuutembelea mji ulikozaliwa, huko ng'ambo, nami nikachaguliwa kwa kuwa nilifanya kazi nawe miaka mingi kwenye zahanati ya misheni. Nimerudi na jambo ambalo sijui nilifanyeje. Wa kumuuliza ni wewe, na wewe tulishakuzika.

Unamkumbuka Bibi Yustina. Alipanda kwa miguu kutoka Mtowisa, kule bondeni, siku mbili, kwa sababu shemeji zake walidai amemloga mtoto wao akafa. Ulimficha stoo kati ya magunia ya unga wa lishe, ukanipa mimi, msichana wa miaka kumi na saba, kazi ya kumpelekea uji wa ulezi. Siku ya tatu, alasiri, shemeji wanne walifika na mapanga. Ulisimama mlangoni na aproni yako yenye madoa ya dawa, mfupi kuliko wote. Walikusalimia vizuri tu, kisha wakamuulizia. Ukawajibu, "Humu hakuna mtu wenu." Walikaa uani mpaka jua likapoa, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimejikojolea. Ulinichotea maji.

Kesho yake tukikunja bandeji nilikuuliza kama hukuogopa. Ulisema uliogopa sana. Halafu ukaongeza, kama unayejisemea: "Watu kama hao walikuja nyumbani kwetu nikiwa mtoto. Baba ndiye aliyekwenda mlangoni."

Ukaishia hapo. Yaliyobaki niliyamalizia mwenyewe: baba alisimama, baba alikataa, binti akafuata nyayo. Hivyo ndivyo nilivyowasimulia wauguzi wapya, na wanangu, na kina mama wa jumuiya yetu hapa Majengo. Mara moja nilisimulia ukiwepo, siku tunaandaa chakula cha kipaimara. Uliinamisha kichwa ukaendelea kumenya viazi. Nikadhani ni unyenyekevu.

Basi huko kwenu wenyeji wetu walitupeleka kwenye ukumbusho wa watu wa mji waliowapinga Wanazi. Ni ukuta mrefu wa mawe meusi karibu na mto, umechongwa majina ya waliokamatwa na kuuawa kwa sababu walikataa kutii. Watu hupita na baiskeli zao, wengine husimama kidogo. Nikaanza kulitafuta jina la baba yako. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari, nikarudia tena, miwani ikiingia ukungu.

Hanna, binti wa kaka yako, alikuwa nasi. Aliniuliza natafuta nini, padre wetu akitafsiri. Nikamwambia. Akanishika mkono akanipeleka hadi karibu na mwisho wa ukuta, akaweka kidole kwenye jina nisilolijua. Alisema huyo alikuwa mpiga chapa, mpangaji wa ghorofa ya juu nyumbani kwenu, aliyekuwa akichapa karatasi za kuwapinga wakubwa wa wakati ule. Askari walipokuja, babu yake, yaani baba yako, alifungua mlango wa chini. Hawakumpiga wala hawakumtishia. Aliwaonyesha ngazi kwa kidole. Na wewe, mwenye miaka saba, ulikuwa nyuma yake umeshika koti lake.

Nilimwuliza padre kama ametafsiri sawasawa. Akasema ndiyo. Nikamwomba amuulize tena.

Sista, hukunidanganya, hilo nalijua. Ulisema alikwenda mlangoni, na kweli alikwenda. Lakini siku ile ya viazi mbona hukunisahihisha? Uliona aibu, au ulimhurumia baba yako, apate japo kwetu, mbali huku, jina ambalo kwao hakulipata? Na ulipowazuia wale wanne, ulikuwa unamlinda Bibi Yustina, au yule mpiga chapa? Siku nyingine nakukasirikia. Siku nyingine naona ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, kwa kuwa hukuwa na nyayo za kufuata. Halafu asubuhi naamka tena sijui.

Jumapili iliyopita walibariki wodi mpya ya wazazi, wakaipa jina lako. Padre aliniomba niwaeleze vijana wewe ulikuwa nani. Nilikuwa nimeamua kumwacha baba yako nje ya maneno yangu. Nikaanza na Bibi Yustina, nikaendelea vizuri, na nilipofika kwenye ule mlango wa nyumbani kwenu ulimi ukakataa kusema uongo, wala kunyamaza sikuweza. Nikawaambia yote, pamoja na kwamba mimi ndiye niliyewapotosha miaka yote hii. Mzee mmoja wa kwaya aliinuka akatoka.

Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Shikamoo, mama. Sasa huyo baba yake, na sisi tumwombee?"

Nilimwambia, "Marahaba, mwanangu. Mimi bado sijaweza. Wewe ukiweza, anza."

Akapiga magoti palepale. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja. Mimi nilibaki nimesimama, na mpaka naandika haya sijui kama nilikosea.

Pumzika, Sista. Mimi naendelea kukuuliza.

Binti yako wa zahanati,
Skola