Binti Aliyepewa Chaki

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Usagara tu wazima, babu yako yuko majarubani anapalilia mpunga.

Unauliza mazoezi ya kufundisha ni ya nini wakati hesabu unazijua. Hata mimi nilizijua! Siku mkufunzi wa chuo aliponikagua kule Magu, nilifundisha kugawanya sehemu mbio mbio, nikauliza, "Mmeelewa?"

Darasa zima likaitikia, "Ndiyo mwalimuuu!"

Mkufunzi akamwita binti mmoja, akampa chaki. "Haya, mfundishe mwalimu wako."

Binti akaishika asiandike hata tarakimu moja, machozi yakimlengalenga. Mkufunzi akanifelisha. Alinionea, maana walimu wote waliuliza hivyo hivyo.

Lakini tangu siku ile sikuuliza tena. Kila somo nilimpa mtoto chaki, nikasubiri anifundishe. Nimestaafu, na kusubiri kule ndiko ninakokumbuka hadi leo.

Bibi yako