Taa ya Zizini kwa Maige

Jumatatu, 4 Machi 2019

Taa zimewaka mtaani Somanda! Mradi wangu wa mji janja umeacha kuwa maneno ya semina. Mtaa ukiwa mtupu, taa zinafifia. Akipita mtu, zinang'aa. Ofisini naona kila nguzo kwenye kompyuta. Jumanne ya wiki ijayo anakuja mkaguzi wa wafadhili. Akiridhika, tunapewa taa za mji mzima wa Bariadi. Asiporidhika, mkataba wangu ndio basi — narudi Mwanza kwa mama na vyeti vyangu kwenye bahasha.

Kasoro moja tu. Nguzo ya mwisho, pale palipokuwa na zizi la zamani, haijafifia tangu jioni. Eti kuna mtu kasimama chini yake.

Jumatano, 6 Machi 2019

Constantine, fundi wa mkandarasi, jana kabadilisha kifaa cha kuhisi watu. Leo yale yale. Anasema labda ni fisi. Fisi gani wa kusimama mahali pamoja mpaka asubuhi?

Nimepita mwenyewe jioni kwa bodaboda. Hakuna mtu. Majani tu, na taa inamulika ardhi kwa nguvu zote. Nikamwambia dereva tuondoke.

Na eneo nililichagua mimi! Kwenye picha ya setilaiti lilikuwa duara tupu — hakuna nyumba, hakuna kaburi, hakuna wa kulipwa fidia. Nilijisifu kikaoni.

Ijumaa, 8 Machi 2019

Asubuhi kaingia bibi mmoja, Nyanjige, ndiye mwenye lile zizi. "Mwangaluka, mayu," kaniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama. Nikaitikia. Akakaa, akatulia, hakuwa na haraka yoyote.

Kasema mume wake, mzee Maige, hapati usingizi. Taa inammulika usoni. Nikamuuliza mzee analala wapi. Zizini, kasema, akinishangaa.

Alifariki mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia. Wakamviringisha kwenye ngozi ya dume lake, wakamlaza katikati ya zizi, kisha ng'ombe wakapitishwa juu mpaka ardhi ikawa sawa. Ndivyo mkuu wa kaya alivyozikwa zamani, abaki na mifugo yake. Hakuna msalaba, hakuna saruji.

Na mimi ni Msukuma! Nimesomea mipango miji, sikukumbuka kuuliza zizi ni la nani.

Nikamuuliza mbona hakusema tulipokuja kuulizia makaburi. Kasema tuliangalia misalaba nyuma ya nyumba tukaondoka, na aliyelala zizini hatangazwi kwa wapita njia. Halafu, kwa upole, akauliza shimo la nguzo tulilichimba mpaka wapi.

Constantine alikuwa mlangoni. Akatazama viatu vyake. Nikasema nitafuatilia.

Bibi alipoondoka nikambana Constantine uani. Walikuta ngozi nyeusi, ngumu. Na bangili ya chuma. Zege lilikuwa limeshachanganywa, dada Lukresia, kasema, na wewe ulitaka tumalize siku ile ile. Wakamwaga.

Jumapili, 10 Machi 2019

Misa sikuisikia. Nalala nimejifunika khanga usoni na bado naona mwanga. Naogopa, na sina wa kumwambia.

Nikiizima nguzo ile, mkaguzi ataikuta imekufa. Nikiing'oa, itatoka na mzee. Bibi anadhani kero ni mwanga tu.

Jumanne, 12 Machi 2019

Naandika ndani ya gari la ofisi. Vioo nimefunga.

Mkaguzi, Bwana Januarius, alifurahia mtaa mzima. Jioni tukafika nguzo ya mwisho tukakuta ng'ombe. Bibi Nyanjige na wanawe walikuwa wakiwazungusha pale polepole, ardhi ikae sawa tena, mzee apumzike. Januarius akadhani anakaribishwa. Akapiga picha. Akasema huu ndio ushirikishwaji wa jamii wenyewe, atapendekeza mji wote upewe taa. Nimepata! Nimepata nilichokitaka, na nimejificha garini.

Maana bibi alinifuata hapo hapo, mkaguzi akisikia. "Mayu, mlipochimba, hamkumgusa?"

Constantine akanitazama. Januarius naye. Nikasema nafuata mwavuli garini. Mvua yenyewe hakuna.

Ng'ombe wamesimamishwa. Januarius anamuuliza Constantine kitu, Constantine anatikisa kichwa. Bibi amekuja mpaka dirishani, anagonga kioo taratibu. Hana hasira, afadhali angekuwa nayo. Anasema hata kama tulimgusa, nimwambie tu, ajue atamwombaje mzee atusamehe.

Dereva ananiuliza afungue mlango au tuondoke.