Bi Mkubwa Ametoka Bila Mimi

Jumanne, Novemba. Stechford.

Mvua ya leo haikunyesha wala haikuacha. Imekaa tu hewani tangu asubuhi, na taa ya jikoni sijaizima.

Bi Mkubwa amekufa saa nane mchana. Alikuwa paka wa marehemu mume wangu.

Sikuwepo.

Naandika kwa sababu nimemdanganya binti yangu. Salma amezaliwa hapa hapa Birmingham. Kiswahili anakisikia, kukisoma hajui. Kwa hiyo hapa naweza kusema kweli.

Baba Salma alimwokota paka huyo kwenye ghala alimokuwa akifanya kazi, kule Nechells, katikati ya mbao za kupangia mizigo, akaja naye ndani ya koti. Alimpa jina Bi Mkubwa, ingawa mimi ndiye niliyetangulia kwa miaka mingi. Kila akirudi kazini humwamkia kwanza yeye, "Shikamoo, Bi Mkubwa," kisha ndio mimi. Nikinuna, hunieleza kwamba ukoo wa hawa si wa mchezo. Misri ya kale waliwahesabu watukufu. Walikuwa na mungu wa kike mwenye kichwa cha paka, na mji mzima wa kumwabudu. Paka wa nyumba akifa, wote wenye nyumba hiyo hunyoa nyusi.

Wifi yangu Zuhura, dada yake, alikuwa hamwachi.

"Astaghfirullah, wee kaka! Iko siku utamsujudia huyo."

"Kwa magoti gani haya?"

Nimecheka nilipoandika hayo. Kicheko kimekatika chenyewe.

Baba Salma alipofariki, paka hakukaa mlangoni kumngoja kama paka wa hadithi. Alihamia juu ya viatu vyake vya kazi, akawa analala hapo. Mimi nikaingia edani. Miezi minne na siku kumi: hutoki ila kwa dharura, manukato hapana, kujipamba hapana. Zuhura akija kunitazama hunitania ili aone meno yangu. "Wifi, na mke mwenzio naye yumo edani? Basi mwambie aache kujiramba, kujipamba huko."

Wiki iliyopita Bi Mkubwa aliacha kula. Salma alimpeleka kwa daktari wa wanyama, akaambiwa figo zimekwisha na kwamba kumchoma sindano alale moja kwa moja ndiyo huruma iliyobaki. Nikampigia simu ustadhi, nikamwuliza kama naweza kutoka kwa ajili ya paka. Nilisema binti yupo, lakini paka hutulia kwangu.

"Nenda, mama. Nenda mchana, urudi kabla ya usiku. Mnyama naye ana haki yake."

Jana nilikichukua kile kitabu cha Misri cha Baba Salma, chenye picha, alichokinunua Acocks Green. Nilitaka kusoma jinsi walivyowaenzi, nipate nguvu. Nikaona picha ya paka aliyekaushwa kwa dawa, amezungushiwa vitambaa tangu kichwani hadi mkiani, na juu ya kitambaa wamemchorea uso. Macho, masharubu, kila kitu. Baba Salma alivishwa nguo tatu nyeupe, wanaume wakamchukua, basi. Sikwenda makaburini. Kaburi lake bado sijaliona.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na tiketi ya basi katikati. Hapo pameandikwa jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Wengi wa paka wale hawakufa kwa uzee. Walifugwa kwa wingi karibu na mahekalu, wakauawa wangali wadogo, ili mahujaji wawanunue na kumtolea mungu wao. Waliowaabudu ndio waliowavunja shingo.

Alijua. Alikisoma, akaweka tiketi, akaja kunisimulia habari za nyusi.

Na ugonjwa wake ulikuwa hivyo hivyo. Nilipewa sehemu zilizo nzuri mpaka zikabaki wiki tatu za uhai wake.

Leo Salma alikuja na kikapu cha kubebea. Akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nivae koti, tutachelewa.

"Siwezi, mwanangu. Niko edani."

Akauliza, kwani ustadhi hakukubali?

"Hakukubali."

Nimemsingizia mtu mwema. Na eda, ambayo ni heshima ya mume wangu, nimeifanya mahali pa kujificha. Ukweli ni mdogo sana. Mkono wa Baba Salma niliushika mpaka ukapoa, na sikuweza kushika mwili mwingine ukipoa. Bi Mkubwa alilia mara moja walipofika mlangoni, sauti nyembamba. Nikajitia nafuta meza.

Salma amerudi saa tisa. Nilidhani watabaki naye huko huko. Kumbe amemrudisha, ndani ya boksi lililofungwa kwa selotepu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwuliza kama Bi Mkubwa aliumia. Akatikisa kichwa. Halafu akasema, kwa Kiswahili safari hii, polepole, akitafuta kila neno:

"Alikuwa anakutafuta, Mama."

Nilimtilia chai.

Boksi liko nyuma, penye mlango wa uani. Salma amesema atalala hapa leo ili asubuhi, kabla hajaenda kazini, tuchimbe pamoja. Anataka mimi ndiye nimwingize ardhini, maana ni mimi niliyekoseshwa kumuaga. Hivyo ndivyo alivyosema: niliyekoseshwa. Ananihurumia.

Uani ni nyumbani kwangu. Si kutoka. Hakuna wa kumuuliza wala wa kumsingizia. Asubuhi mwanangu atasimama pale na sepetu mkononi, atanigeukia, na mimi nitamwambia nini?