Maneno Yako Mgongoni mwa Tisheti

Baba,

Leo sianzi kwa kukujulia hali. Nimekasirika, na wewe ndiye mtu wa pekee ninayeweza kumkasirikia bila kuambiwa nina mdomo.

Kesho unatimiza mwaka tangu tukuzike hapa nyumbani Sagalla. Kuna ibada, kuna pilau, halafu kuna mechi ya kukukumbuka kwenye kile kiwanja cha mawe ulichokipenda kuliko shamba lako. Hayo yote ni sawa. Lakini jana kaka Mwadime alipanda kutoka Voi na bodaboda iliyobeba magunia mawili ya tisheti. Mbele kuna uso wako, ile picha ya kitambulisho inayokuonyesha kama mtu aliyekamatwa na askari. Nyuma, kwa herufi ambazo hata kipofu atazipapasa azisome: NCHI TATU, TIMU MOJA. Chini yake wameweka jina lako.

Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni. Nikamwuliza kaka ni nani aliyesema maneno hayo.

"Si ni mzee mwenyewe alisema? Voi yote ilimsikia."

Na ni kweli, Baba. Ulisema. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku yenyewe unaikumbuka. Kenya tulifungwa mabao manne, tena na watu waliotoka mbali, na wewe ulikuwa kwenye hoteli ya Bi Zuhura pale Voi, kama kawaida yako kila Kenya ikicheza. Mpira haujaisha ukainuka, ukapiga meza, chai za watu zikamwagika. Ukasema Kenya, Uganda na Tanzania zivunje timu zao ziunde moja, maana tumechoka kulia kila mtu kwenye chumba chake. Watu wakakupigia makofi. Bi Zuhura akasema, "Maneno hayo, mzee wangu, yafaa kuandikwa." Basi yameandikwa.

Tangu ufe, maneno yale yamenenepa. Nchi hizi tatu zilipopewa kuandaa mashindano ya Afrika kwa pamoja, kila mtu Voi akawa mtaalamu. Wanasema ikiwa tunaweza kupokea wageni pamoja, kwa nini tusivae jezi moja? Mimi huwajibu kwamba majirani huazimana sufuria za harusi, hawaazimani bibi harusi. Wanacheka, kisha wanakutaja wewe. Mzee alisema. Mzee aliona mbali. Wanakutaja kama nabii, wewe uliyekuwa hukumbuki ulipoweka miwani nayo iko usoni!

Sasa nisikilize vizuri. Mkamburi wangu, mjukuu wako, ameitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa ya wasichana. Ni kipa, Baba. Kipa kama wewe. Yule mtoto uliyekuwa ukimrushia mpira wa makaratasi akiwa na miaka saba, ukimfokea asifumbe macho, ameitwa. Jina lake limesomwa kanisani na mimi nikalia mpaka mama mchungaji akaniletea maji.

Timu ina kipa mmoja langoni. Nchi tatu zina makipa watatu. Ziunganishe, halafu uniambie wale wawili waende wapi. Na usinidanganye kwamba atakayebaki atatoka Sagalla, mahali ambapo hata maji ya mfereji yanapotea njia.

Wewe unalijua hili kuliko hao wote. Uliitwa mara moja tu katika maisha yako, ukawa kipa wa tatu, hukuingia uwanjani hata dakika moja. Lakini uliporudi na ile trakisuti, mlima mzima ulitoka kukuona. Bibi, mama yako, alikuwa akituhadithia kwamba mwaka ule vijana wote wa huku walitaka kuwa makipa, pakakosekana hata mmoja wa kufunga mabao. Benchi lile lilikutosha miaka yote. Leo wanataka kuliondoa, na wanaliondoa kwa jina lako.

Asubuhi hii Mkamburi ameziona tisheti. Amesoma, akaikunja moja vizuri kama mtu aliye dukani, akaniuliza, "Mum, kwani Babu hakutaka niitwe?"

Jibu nilikuwa nalo, ila uliniapisha.

Siku iliyofuata kile kichapo tulikuwa kwenye foleni ya maji, mimi na wewe na mitungi sita, mfereji ukikohoa hewa tupu. Simu yako ikalia. Alikuwa shangazi Mghoi, dada yako aliyeolewa Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Taveta. Hakutoa hata salamu. Alicheka. Alikucheka mpaka waliokuwa nyuma yetu wakamsikia, na wewe ukaanza kucheka pia, ukamwambia, "Ngoja zamu yenu ifike, nitakupigia hata ukiwa kanisani." Ulipoirudisha simu mfukoni uliniinamia, ukaniambia kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, polepole: "Jana nilisema upuuzi. Tukiwa timu moja, Mghoi nitamcheka kwa lipi? Na huyu mtoto wetu atadakia wapi?" Kisha ukakunja uso. "Lakini usimwambie mtu. Watasema mzee hana msimamo."

Nikaapa, mkono juu ya mtungi. Baba, kwa nini uliniapisha? Ulisema upuuzi mbele ya watu hamsini, ukweli ukaniambia mimi peke yangu. Ndivyo ulivyokuwa. Hata ile Jumapili uliyoingia kanisani na viatu visivyofanana ulisema ndivyo ulivyokusudia. Leo nimejaribu kumwambia Mwadime kwamba ulibadili mawazo, bila kutaja wapi wala lini. Ameniuliza, "Ushahidi uko wapi?" Ushahidi! Kama vile mimi ni jirani aliyekuja kudai mbuzi.

Kwa hivyo nakuarifu, sikuombi ruhusa. Kesho baada ya ibada mchungaji ataita familia iseme neno, na nitasimama mimi. Nitawaambia foleni, nitawaambia mitungi na kicheko cha shangazi, naye atakuwa ameketi palepale mbele. Na lile neno upuuzi nitalisema kwa Kidawida, kama ulivyolisema. Wakisema mzee hakuwa na msimamo, waseme. Nilikuahidi kunyamaza, na nimenyamaza mpaka leo. Ahadi hiyo naivunja, nakupa nyingine: huyu mtoto hatakwenda kwenye majaribio akidhani babu yake alimfungia mlango.

Yeye nimeshamwambia, jioni hii, kabla ya wote. Alisikiliza mpaka mwisho. Alichukua tisheti, akaigeuza, upande wa ndani ukawa nje, maneno yasisomeke, akaivaa. Kesho kwenye mechi yako atadaka akiwa ameivaa hivyo, uso wako umelala kifuani mwake.

Pumzika, Baba. Na kama umenikasirikia, basi sasa tuko sawa.

Binti yako,
Wakio