Kikombe Nje ya Mlango

Mjukuu wangu Hodan,

Asalaam aleikum. Hapa Waberi tu wazima, ila babu yako bado anakohoa.

Umeuliza kama ile video ni ya kweli, kwamba Ukimwi huambukizwa kwa kikombe. Ni uongo. Nikiwa msichana kule Hadado, mpita njia alisema hayohayo kisimani. Mama akavunja kibuyu cha maziwa alichonywea dada yangu Habiba, aliyekuwa na ugonjwa huo, huku mwenyewe akiona. Habiba hakugusa maziwa tena hadi alipofariki. Hakuna aliyemuuliza yule mgeni amejuaje. Wewe muulize huyo wa kwenye video: ni daktari wa hospitali gani?

Nimechoka, mama. Jirani ameamini video hiyohiyo, akaweka kikombe cha bintiye mgonjwa nje ya mlango. Nilikinywea chai mbele yake. Leo nje ya mlango wake kuna vikombe viwili: cha binti, na changu, alichonitengea.

Bibi yako, ayeeyo